Boksi la iPhone limeandikwa India? Sikiliza kabla hujairudisha mtaa wa Aggrey, Kariakoo

Mambo vipi watu wangu wa Dar! Leo nipo Sriperumbudur, nje kidogo ya Chennai. Mabasi haya yanayopita nyuma yangu yanabeba wafanyakazi wa viwandani, wengi mabinti wadogo tu. Ukanda huu ndio una kiwanda cha Foxconn, kampuni inayoungia Apple simu zake za iPhone.

Inboksi yangu imejaa swali moja: "Nimenunua iPhone Aggrey, boksi linasema imeunganishwa India, nimepigwa?" Hujapigwa. Au niseme, si kwa sababu hiyo.

Chanzo cha Apple kuhamishia kazi India ni ugomvi wa kibiashara wa Marekani na China. Ulipamba moto 2018, na Aprili 2025 Trump akafikisha ushuru wa bidhaa za China asilimia 145. Siku chache baadaye simu zikaondolewa kwenye sehemu kubwa ya ushuru huo, lakini nani angeweka mayai yote China tena? Mei, Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, akatangaza kwamba iPhone nyingi zitakazouzwa Marekani robo ile ya mwaka zitatoka India. Samsung walishaondoka zamani: kiwanda chao cha mwisho cha simu kule China, cha Huizhou, walikifunga 2019. Sasa ngome yao ni Vietnam.

Ila msidanganyike na maandishi ya boksi. Kilichohama zaidi ni hatua ya mwisho: kuunga, kupima, kufungasha. Vipuri vingi bado vinatoka China, na chipu kuu inatengenezwa Taiwan. Hata betri inahitaji madini ya kinywe (graphite), na sisi tunayo kule Mahenge, lakini China ndiyo inayoshika usafishaji wake. Hilo linaniuma, nitalitengenezea video yake.

Wa Tecno, Infinix na itel, nyie tulieni. Zote ni za Transsion ya Shenzhen, na soko lake kubwa ni Afrika na Asia Kusini. Ushuru wa Marekani unaipitia mbali.

Kwa hiyo ukiwa dukani, achana na neno India. Fungua mipangilio, soma namba ya modeli. Ikiishia na LL/A, hiyo ni ya soko la Marekani, na kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Muuzaji akisema fundi atakutobolea, ondoka. Halafu piga *#06#, tuma namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, na usitoe hela mpaka jibu lirudi.