Elfu Kumi za Kwanza Nazinunua Mwenyewe

Asanteni, kaeni, asiye na kiti mkeka upo pale. Najua wengine mshanisikia na mmeshaanza kuminyana, eti mzee kaja tena na polka lake, ule mziki wa dansi wa Wazungu unaopigwa kwa kodiani. Chekeni tu, mimi nasema tena, maana nyie vijana wa taarab kila nkikaa nanyi wimbo ni ule ule, redio haitupigi, watu wanataka singeli, mfadhili hakuna.

Sa sikilizeni habari ya Frankie Yankovic, mpiga kodiani wa polka wa Marekani. Kazaliwa 1915, West Virginia, wazazi wahamiaji kutoka Slovenia, kakulia Cleveland, mji wa viwanda vya chuma uliojaa Waslovenia. Nyumbani kwao walikuwa wanapangisha vyumba, mpangaji mmoja alikuwa na kodiani ya vitufe, ndo dogo akajifunzia hapo. Baba mtu mziki hakuuona kama kazi, kwahiyo mama akatoa akiba yake akamnunulia kodiani ya maana, ikafichwa kwa dada mtu mpaka kijana alipoiva. Mama, jamani. Haya tuendelee.

Kuna mtu pale nyuma namuona kakunja uso, polka mziki wa Wazungu inatuhusu nini. We bwana, hiyo kodiani unayoisikia kwenye taarab iliota kwenye mnazi? Ilikuja kwa meli, tukaishika, ikawa yetu. Basi nyamaza kidogo.

Miaka ya 30 kampuni kubwa za santuri zikamkataa, akajilipia kurekodi mwenyewe. 1941 akafungua baa, kuuza bia huku akipiga mziki. Halafu Vita vya Pili vya Dunia, akaenda jeshini. Majira ya baridi ya 1944, kule Ardennes, misitu ya Ubelgiji, barafu ikamuunguza mikono na miguu vibaya mno, madaktari wakawa wanaongelea kukata. Akakataa. Mpiga kodiani umkate vidole, umwachie nini? Vilipoanza kupona akapewa kodiani hospitali, ndo ikawa mazoezi yake ya kurudisha vidole, na huku kuna mtu ananiambia hakuja mazoezini juzi kwa sababu ya mvua.

Sa hapa ndo penyewe, sikilizeni vizuri. Desemba 1947 yuko studio na kampuni ya Columbia. Wanamziki wa Marekani walikuwa wametangaza mgomo wa kurekodi kuanzia Januari 1, kwahiyo kampuni zinakimbizana kurekodi chochote zijaze ghala. Yankovic anataka kuweka "Just Because", wimbo wa zamani wa watu wa kantri, yeye kaugeuza polka. Wakubwa wa studio wanasema huo hapana, wenzake kwenye bendi nao hawautaki, yaani watu wake mwenyewe! Akaja juu, akafoka, akawaambia nyie rekodini tu, santuri elfu kumi za kwanza nazinunua mwenyewe. Elfu kumi! Hakusema ntaomba ufadhili, hakusema tuandike barua wizarani. Wakarekodi, basi tu ili wamnyamazishe. 1948 ikauza zaidi ya milioni, na mwaka huo huo mji wa Milwaukee wakamvika taji la mfalme wa polka Marekani.

Mtasema bahati. Bahati gani, mtu kapiga kwenye kumbi za Waslovenia miaka yote ile anajua sebene... samahani, si sebene, anajua kipande gani kinamnyanyua bibi wa miaka sabini kwenye kiti! Alikuwa anauamini wimbo kwa sababu alishaona miguu ya watu. Na hakujifungia kwa Waslovenia peke yao, nyimbo za kwao akazitia maneno ya Kiingereza, akaongeza banjo, Mpolandi acheze, Mjerumani acheze, ila kodiani haikutoka mbele. Kuna wenzetu wakitaka vijana kitu cha kwanza wanachofukuza ni kodiani, wanaleta kinanda cha umeme kinachopiga chenyewe. Sitaji jina, mnajijua.

Akaishi barabarani, usiku huu mji huu kesho mwingine, mwaka mzima, miaka na miaka. Na ilimgharimu, ndoa ya kwanza ilivunjika, siwadanganyi kwamba ni asali tupu. Hilo nlitaka tulizungumze taratibu maana hapa wake zenu wananipigia simu mimi, lakini naonyeshwa saa.

Haraka haraka basi. 1986 Grammy, ile tuzo kubwa ya mziki Marekani, ya kwanza kabisa ya polka wakampa yeye. Kafariki 1998 Florida, wakamrudisha Cleveland kumzika. 2009 hao wa Grammy wakaifuta tuzo ya polka, na juu ya hilo nna maneno saa nzima, siku nyingine mkinialika.

Sawa, nimeona mkono, nimemaliza. Nipeni kodiani langu hapo chini ya meza. Wa dumbaki yuko wapi? We uliyekunja uso, njoo wewe.