Tusk: Albamu iliyouza mamilioni ikaitwa hasara

ZUHURA: Karibuni, tuko Dar es Salaam kama kawaida, mimi Zuhura na kaka yangu Beni. Bongofleva tumeiweka pembeni kidogo. Tuna Fleetwood Mac, bendi ya roki ya Waingereza na Wamarekani, na albamu waliyoitoa baada ya Rumours.

BENI: Tusk, Oktoba 1979. Santuri mbili kwenye jalada moja, nyimbo 20. Ila huwezi kuihukumu, dada, bila kujua imefuata nini. Rumours ya 1977 ilikaa namba 1 kwenye chati ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani wiki 31, ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka, na hadi leo imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani.

ZUHURA: Na Tusk?

BENI: Kama milioni 4.

ZUHURA: Sasa hapo nani analia? Milioni 4!

BENI: Analia aliyeshika daftari la hesabu. Kurekodi peke yake kulikula zaidi ya dola milioni 1, na mwaka 1979 hizo zilikuwa pesa za kutisha kwa albamu ya roki. Chati nazo hazikuwa mbaya: Uingereza namba 1, Marekani namba 4. Singo ya "Tusk" ikafika namba 8 Marekani, "Sara" ikafika namba 7. Bendi nyingine ingechinja ng'ombe.

ZUHURA: Basi tuseme kilichoiponza.

BENI: Bei, kwanza. Dola 15.98, karibu mara mbili ya albamu ya santuri moja, tena mwaka ambao biashara ya santuri Marekani ilikuwa inashuka. Halafu redio. Mtandao wa vituo vya RKO uliipiga albamu nzima kabla haijaingia madukani. Mick Fleetwood mwenyewe, mpiga ngoma wa bendi, analaumu hapo: watu walirekodi nyumbani.

ZUHURA: Hilo kwa mtu wa Dar wa enzi za redio-kaseti halihitaji maelezo. Kaseti tupu, kidole kwenye kitufe, unaomba tu mtangazaji asiongee juu ya wimbo.

BENI: Ndiyo, ila mimi Fleetwood nampa nusu ya hoja. Kurekodi hakumwelezi yule aliyesikia yote halafu akaona hapana. Kosa kubwa, kwangu, ni singo ya kwanza. Waliosubiri "Dreams" nyingine, ule wimbo uliovuma wa Rumours, walipewa ngoma nzito, minong'ono, na bendi ya tarumbeta ya chuo kikuu cha USC cha Los Angeles, iliyorekodiwa Dodger Stadium, uwanja wa besiboli wa mji huo.

ZUHURA: Kama matarumbeta ya harusi yamekatiza katikati ya kikao cha mahari!

BENI: Hasa. Mimi ningetanguliza "Sara", hiyo "Tusk" ikaja ya tatu.

ZUHURA: Mimi siafiki, kaka. Ukitanguliza "Sara" umemdanganya mnunuzi. Anafika nyumbani, wimbo wa pili tu anakutana na "The Ledge", anarudi dukani na risiti.

BENI: Hilo nalo kweli. Na ndipo wakosoaji walipogawanyika. Lindsey Buckingham, mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi, alikuwa anasikiliza panki na "new wave", mitindo mipya ya roki ya wakati huo, hakutaka kurudia Rumours. Nyimbo 9 ni zake, nyingine kavu makusudi. Waimbaji wenzake, Christine McVie ana 6, Stevie Nicks 5, na hao wawili wamebaki kwenye utamu wao. Wengine waliona ni albamu tatu zimegombana. Jarida la Rolling Stone lenyewe liliifananisha na albamu nyeupe ya The Beatles, nayo santuri mbili za mitindo mchanganyiko.

ZUHURA: Mwaka 1982 wakarudi na Mirage, laini kabisa, ikashika namba 1 Marekani.

BENI: Wiki 5. Lakini mwaka 2002 bendi ya Camper Van Beethoven ilitoa Tusk nzima, wimbo kwa wimbo, kwa sauti yake. Mirage imefanyiwa hivyo na nani?

ZUHURA: Na anayetaka kuisikiliza sasa?

BENI: Aangalie urefu wa "Sara". Kwenye CD za mwanzo waliukata ili albamu yote ienee kwenye diski moja. Ukisoma dakika 4 na ushee, umepewa uliopunguzwa. Mzima unapita dakika 6. Tafuta toleo jingine.