Seli Inayojitoa Kiini na Bado Ikaishi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Shuleni wengi wetu tulifundishwa floemu kwa sentensi moja: ndani ya mmea, mirija ya zailemu hupandisha maji, na ya floemu husafirisha chakula. Tukachora, tukapata maksi, yakaisha. Leo naomba tuangalie seli moja tu, ile ya mrija chekeche, yaani mrija wa floemu, ambayo mtaalamu wa misitu Mjerumani Theodor Hartig aliieleza mwaka 1837.

Inaanza kama seli mama ya kawaida. Hugawanyika kwa urefu, na mgao wenyewe si wa haki: kubwa inakuwa seli ya mrija, ndogo inakuwa seli sindikizi. Ni mapacha, na mmoja hataweza kuishi bila mwenzake.

Kisha kubwa huanza kujibomoa. Kiini, chenye maelekezo ya seli, huyeyuka. Ribosomu, zinazotengeneza protini, zinaondoka, na utando wa vakuoli, ule mfuko wa maji wa seli, nao unatoweka. Hubaki utando wa nje, mitokondria chache zinazotoa nishati, plastidi (vifuko vidogo vya seli za mimea) na mtandao laini wa utando, vyote vimebanwa ukutani ili katikati pawe wazi. Wakati huohuo, kwenye ncha zinapokutana seli mbili, palipokuwa na vitundu vya nanomita 50 hivi, kalosi, aina ya kabohaidreti ya kuzibia, hujikusanya kuvizunguka. Baadaye kalosi huondolewa, ukuta nao unaliwa, na kitundu kinapanuka hadi mikromita moja hivi. Kwenye maboga hufika kumi. Hapo ndipo tunapata bamba la chekeche, yaani ukuta wenye matundu kama chekeche.

Mwanafunzi makini atauliza: kama imejibomoa hivyo, kwa nini isife kabisa, kama mirija ya zailemu? Swali zuri. Zailemu huvuta maji, na mfereji mfu unatosha kwa kazi hiyo. Floemu husukuma. Seli sindikizi huijaza sukrosi, yaani sukari, maji huifuata kwa osmosisi, yaani kupenya utando kuelekea kwenye sukari nyingi, shinikizo linapanda, utomvu unaelekea kule sukari inakotumika: mzizi, tunda, chipukizi. Mtaalamu wa misitu Mjerumani Ernst Münch alieleza hivyo mwaka 1930. Utando uliokufa usingeweza kuzuia sukari isivuje, na shinikizo lisingekuwepo.

Shinikizo hilo lina hatari yake: ukikata mrija, sukari inamwagika. Basi mmea huziba. Jamii ya mikunde, kama maharage, ina protini inayovimba ndani ya seli na kuziba tundu kwa sekunde. Kalosi hufuata polepole. Watu wa pwani wanalijua hilo bila hadubini. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akachonga ncha ya karara kwa kotama, kipande chembamba tu. Anachokiondoa ni mabamba yaliyokwisha kuziba, na anafungua mengine. Tembo, ile pombe ya mnazi, hutokana na utomvu wa floemu, na sukari nyingi ya utomvu huo ni sukrosi. Asipopanda siku mbili, kibuyu kinabaki kikavu.

Nikiwa bado kwenye mnazi: mwembe una kambiumu, tabaka la seli zinazogawanyika na kunenepesha shina, kwa hiyo huunda floemu mpya mwaka hadi mwaka. Mnazi hauna. Mirija iliyo chini ya shina iliundwa mti ukiwa mchanga, na ndiyo hiyohiyo inayolisha mizizi miongo baadaye. Seli isiyo na kiini, isiyoweza kujitengenezea protini, inahudumiwa na pacha wake muda wote huo! Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote, na wataalamu bado wanalichunguza.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.