Kinanda cha Zamani si Akiba ya Uzeeni

Ndugu zangu wapiga vinanda, walimu wa kwaya, mafundi wenzangu, habari za mchana. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nawaona wawili watatu pale nyuma wameanza kucheka kabla sijafika. Chekeni tu. Narudia kwa sababu simu bado zinaingia: "Fundi, nina kinanda cha umeme cha zamani cha Korg, nina cha Roland, nimeona mtandaoni zinauzwa maelfu ya dola. Niuze sasa au nisubiri bei ipande?"

Unasubiri nini?

Nililetewa Polysix moja, imekaa stoo miaka mingi, imefunikwa shuka. Korg waliitoa 1981, inatoa noti sita kwa mpigo, tamu kweli. Nikafungua skrubu, nikainua kifuniko. Kwenye bodi moja mle ndani kuna kibetri cha kuchaji, kazi yake kushikilia sauti ulizohifadhi pindi umeme unapozimwa. Kilikuwa kimevuja. Maji yake yametambaa na kula njia za shaba, umebaki unga wa kijani, ukigusa kwa ncha ya bisibisi njia inabanduka kama ganda la kitunguu. Mwenyewe kasimama pembeni ananiuliza, "Sasa hii itafika milioni ngapi?" Mzee wangu, bei uliyoiona ni ya nzima. Hii yako tunaanza kwa kuhesabu waya za kuunga. Na kukitoa kibetri kile mapema ni kazi ya kulehemu kidogo tu, hata chai haipoi!

Wala si Polysix peke yake. Juno-106, kinanda cha Roland cha 1984, ina chipu za sauti zilizofunikwa kwa utomvu mweusi. Utomvu ukizeeka, sauti moja inakoroma, nyingine inanyamaza, na fundi analazimika kuziloweka kwenye asetoni kuzivua gamba. Kapasita nazo, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi, zinakauka, upige usipige. Kwa hiyo anayeniambia "nimekifungia ndani, hakijaguswa" ananipa habari mbaya huku akitabasamu.

Mtu atasema Dodoma ni pakavu, si kama Dar ambako unyevu na chumvi vinakula chuma. Kweli kabisa, hapo tumependelewa. Lakini upepo wa kiangazi ukianza, lile vumbi linaishia wapi? Kwenye slaida, vile vishikio vya kuteleza vya kupandisha na kushusha sauti. Unapandisha sauti, spika inakwaruza. Tangu lini shuka ikazuia vumbi la Dodoma?

Mwingine atasema ni kumbukumbu ya marehemu baba. Haya, usiuze. Basi kipige! Baba hakukinunua kiwe meza ya kuwekea pasi.

Msimamo wangu ni huo: kama hukipigi, uza mwaka huu, kingali kizima, na umuuzie anayepiga. Ila kuna kimoja ukija kuniuliza ukiuze tutagombana. Si DX7 ya 1983, ile Yamaha waliitoa kwa wingi mno, anayekuambia ni adimu anakupiga. Nasema DX7II iliyoifuata. Ile inakuruhusu kuhamisha noti mojamoja, juu au chini, utakavyo. Sasa chukua ilimba ya Kigogo, ile ya vijiti vya chuma vya kupiga kwa vidole gumba. Noti zake zinafuata mfululizo wa sauti za asili, zile zinazolia zenyewe ndani ya noti moja, haziketi kwenye piano. Ile "ta" mnayoiandika kwenye solfa, yaani "ti" iliyoshushwa nusu toni, kwa mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ndiyo maana kwaya ikiimba wimbo wa Kigogo na kinanda cha kawaida kikaingia, bibi wa mstari wa mbele anakunja uso. Hana ushamba, ana masikio. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, aliizungusha ilimba duniani bila kuiomba piano ruhusa. DX7II unaiambia "ta" ishuke, inashuka. Halafu mtu auze hiyo akanunue plastiki mpya yenye midundo ya kubonyeza!

Utasema kompyuta nayo inaweza. Inaweza. Iwashe basi Jumapili asubuhi, padri keshaingia, yenyewe ndiyo inaanza kujisasisha.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, na nilikuwa na mengi ya bei na usafirishaji. Kwa kifupi: mnunuzi wa mbali mpe video ya noti zote, moja moja, na picha ya ndani, si ya nje tu. Na soma kibandiko cha nyuma. Vya soko la Japani ni volti 100, vya soko la Marekani 120, soketi zetu 230. Kuna mtu alichomeka cha volti 100 ili mteja asikie, mteja akasikia harufu.

Waliokuja na vinanda kwenye magari, vileteni hapo mlangoni, bisibisi ninayo. Vya volti 100 na 120 msichomeke mpaka nifike.