Fluti kwa Anayeanza Kabisa: Pumzi Kwanza, Vidole Baadaye

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya mtu ambaye hajawahi kushika fluti, ile filimbi ya chuma inayolazwa ubavu na kuelekea mkono wa kulia. Tutafika kwenye noti tatu. Tafadhali usiruke sehemu ya kwanza ukakimbilia vidole. Sauti ya fluti hutengenezwa midomoni, na pumzi ikiwa mbovu hakuna kidole kitakachoiokoa.

Fungua kasha. Kuna vipande vitatu: kichwa, chenye tundu la kupulizia, kiwiliwili, chenye vibonyezo vingi, na mguu, ule mfupi. Chukua kichwa peke yake, vingine viache vilale.

Kabla ya kukipuliza, tafuta chupa tupu ya soda. Puliza juu ya mdomo wake mpaka ivume. Umesikia? Pumzi imegonga ukingo wa upande wa pili ikagawanyika, nyingine ikaingia ndani, nyingine ikapita juu. Fluti inafanya kazi hivyo hivyo.

Sasa ziba ncha iliyo wazi ya kichwa kwa kiganja cha kulia. Funga midomo, weka tundu katikati yake kana kwamba unalibusu, halafu zungusha kichwa kuelekea mbele mpaka ukingo wa tundu ushuke na kukaa pale mdomo wa chini unapokutana na ngozi ya kidevu. Mwenye midomo minene apandishe kidogo. Mdomo wa chini ufunike kati ya robo na theluthi ya tundu, usizidi hapo. Sema "pu" taratibu. Uwazi kati ya midomo uwe mdogo kama punje ya mchele, mashavu yasivimbe.

Ukisikia "shhh" tupu, usiongeze nguvu. Wengi hukosea hapa: wanapuliza kwa hasira mpaka macho yanatoka, na sauti inazidi kukimbia. Zungusha kichwa ndani au nje kidogo sana, kama unatafuta stesheni kwenye redio ya zamani, huku pumzi ikiendelea. Sauti ikiwa nyembamba na imebanwa, umefunika tundu kupita kiasi; zungusha nje. Ikiwa imejaa upepo, huenda uwazi wa midomo ni mpana mno au umezungusha nje kupita kiasi.

Tazama hapa kwa karibu. Chuma kikiwa bado baridi, ng'ambo ya tundu patatokea ukungu wa pumzi wenye umbo la pembetatu. Ukiwa katikati, pumzi imenyooka. Ukiegemea upande mmoja, sogeza kichwa kidogo upande huo ili pumzi iangukie tundu. Simama mbele ya kioo ujikague mwenyewe.

Lengo ni kushikilia sauti moja sekunde 8, mara tano mfululizo, bila kutetemeka. Kisha ondoa kiganja: sauti itaruka juu. Ukipata kizunguzungu, kaa chini, pumua kawaida. Fluti hula pumzi nyingi, mwili utazoea. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kwa wiki nzima, ni bora kuliko saa zima la Jumamosi.

Wiki imepita, tuunganishe. Shika kiwiliwili pale juu penye chuma kitupu, wala usibane vibonyezo. Fimbo zake zikipinda, pedi, yaani vile vifuniko laini vilivyo chini ya vibonyezo, hazizibi tena matundu. Ingiza kichwa kwa kuzungusha. Usipake mafuta wala vaselini kwenye maungio, pafute tu kwa kitambaa kikavu. Tundu la kupulizia liwe mstari mmoja na safu ya vibonyezo. Mguu nao: fimbo yake ielekee katikati ya kibonyezo cha mwisho cha kiwiliwili.

Fluti hukaa juu ya nguzo tatu: kidevu, shina la kidole cha shahada cha kushoto, na gumba la kulia linaloshika kwa chini. Ikitulia hapo, vidole vingine viko huru.

Noti ya kwanza ni B. Gumba la kushoto nyuma, kwenye kibonyezo kilicho upande wa mguu, si kile cha karibu na kichwa. Kidole cha shahada cha kushoto kwenye kibonyezo cha pili. Kile kidogo cha kwanza kiruke. Kidole cha mwisho cha kulia kibonyeze kibonyezo chake mguuni. Hicho hufanya kazi kinyume, kwa sababu ukikibonyeza kinafungua tundu. Wanaoanza hukisahau kila siku. Kwa A, ruka kibonyezo kimoja, ongeza kidole cha kati. Kwa G, ongeza cha pete kwenye kinachofuata.

Uliyezoea noti za kwaya, ukiita G "do", basi hizi ni do, re, mi. Anza kila noti kwa ulimi, "tu", nyuma ya meno ya juu. Piga do do re re, mi mi re, do, taratibu.

B ikilia vizuri lakini G inakwaruza, angalia kidole cha pete: mara nyingi kimeegemea pembeni na tundu halijazibwa. Vidole vikiwa sawa na bado inavuja, pedi imechakaa, mpelekee fundi.

Ukimaliza, usirudishe fluti ikiwa na maji. Pitisha kipande cha kanga kuukuu kwenye tundu la fimbo ya kusafishia, ufute ndani ya kila kipande. Jasho la vidole lifute nje, hasa ukiwa pwani, maana chumvi huichafua fedha haraka. Kitufe cha mwisho wa kichwa usikizungushe, kinasogeza kizibo kilicho ndani na noti zitaharibika. Kasha likikataa kufunga, usilikandamize: kuna kipande kimelala vibaya. Fungua ukilaze upya.