Tochi na Bastola Nyumbani: Jinsi ya Kumulika Gizani

Karibuni tena. Leo nipo nyumbani, hapa Mikanjuni, Tanga, saa mbili na nusu usiku. Taa za ndani nitazizima muda si mrefu, kwa hiyo picha ikiwa nyeusi msidhani simu yenu imeharibika. Haya ninayoonyesha ni ya mtu mwenye leseni halali ya bastola. Huna leseni? Kaa vilevile, uangalie habari ya tochi, maana hata mwenye leseni tochi ndiyo atakayoitumia siku zote.

Kwanza kabisa, mpwa wangu, sogeza kamera hapa mezani. Naelekeza mtutu ukutani, kidole kipo nje ya triga, yaani kifyatulio. Natoa magazini, kile kikasha cha risasi. Halafu navuta slaidi, sehemu ya juu inayoteleza, nyuma, naishikilia, naangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, kisha napitisha kidole kidogo. Tupu. Mpangilio huo usiugeuze, kwani ukianza na slaidi wakati magazini imo ndani, inatoka risasi moja na kuingia nyingine, nawe unajiona umemaliza kazi. Risasi zenyewe zipo chumba kingine, na ufunguo anao mama watoto.

Haya, tochi. Chagua yenye kitufe mkiani, ambayo ukibonyeza kidogo inawaka na ukiachia inazima yenyewe. Hizi za sokoni zenye hatua tano, mara mwanga hafifu, mara mkali, mara inameta-meta kama disko, zinafaa kutafutia chandarua. Usiku wa hofu kidole kinatetemeka. Unataka mwanga mkali, inakupa kumeta-meta.

Kwenye paketi utaona lumeni, na nyingine zimeandikwa kandela. Chukulia mpira wa kumwagilia bustani. Lumeni ni maji yote yanayotoka. Kandela ni jinsi yanavyokwenda mbali ukibana mdomo wa mpira. Nje uani, kandela ndizo zinazokufikisha kwenye geti. Ndani mambo ni tofauti. Tochi ya lumeni 1,000 kwenye korido iliyopakwa chokaa nyeupe inakurudishia mwanga wote usoni, ukabaki unaona nyota. Mimi ndani natumia yenye mwanga wa wastani na sijajuta.

Betri: ukipata tochi ya CR123A, ile fupi ya lithiamu ya volti 3, inakaa miaka kabatini bila kuharibika. Za alkali zinavuja. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, huu upepo wa chumvi. Fungua kifuniko kila mwezi uitazame springi. Ukiona ukungu wa kijani, futa kwa kitambaa kikavu kabla haujaila.

Mpwa, zima taa.

Mnaona? Giza la kutia kidole jichoni. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea vizuri, na mwanga mmoja tu unayafuta mazoea hayo. Kwa hiyo usiache tochi ikiwaka huku unatembea nayo. Washa, ona, zima, sogea. Ukisogea baada ya kuzima, aliyeuona mwanga atakutafuta pale ulipokuwa.

Sasa mikono. Tochi naishika mkono wa kushoto kama mtu anayetaka kupiga ngumi, kidole gumba juu ya kitufe. Naileta chini ya taya, karibu na sikio. Ninapogeuza kichwa, mwanga unanifuata, na bastola mkono wa kulia nimeibana karibu na kifua, mtutu chini. Mtindo huu ndio ninaoupenda. Hauchoshi, na bastola haimwelekei mtu ambaye sijamtambua. Ubaya wake ni kwamba mwanga upo karibu na kichwa chako, ndiyo maana wapo wanaounyoosha mkono wa tochi mbali, juu na pembeni. Huo ni mtindo uliopewa jina la FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Jaribu kusimama hivyo dakika mbili uone bega linavyolia.

Mwingine ni wa Harries, kwa jina la Michael Harries aliyeupa sura miaka ya 1970. Bastola inatangulia mbele kwanza. Halafu mkono wa tochi unapita chini ya mkono wa bastola, na migongo ya viganja inakutana na kusukumana. Mpwa, njoo karibu, waone kiganja. Kosa la wanaoanza ni kupitisha tochi mbele ya mtutu kwa haraka. Narudia polepole: chini, kisha juu. Mkono wako mwenyewe usipite mbele ya bastola hata ikiwa tupu kama hii.

Taa ya kufungwa kwenye bastola, kwenye reli iliyo chini ya mtutu, ina raha yake: mikono yote miwili inashika silaha. Lakini nisikilizeni hapa kwa makini. Inapomulika taa hiyo, ndipo mtutu ulipoelekea. Ukimmulika mtu kwa taa ya bastola, umemwelekezea bastola.

Nitawasimulia. Mwaka juzi umeme ulikatika, saa tisa usiku. Nikasikia kitu kimegonga bati uani. Nikatoka na bastola mkono mmoja na tochi mkono mwingine. Nikaona umbo jeupe kando ya tenki la maji, na mkononi kitu kinang'aa. Nikamulika kwa tochi, bastola ikiwa chini. Kilichong'aa ni birika la alumini. Lililobaki lilikuwa shuka ya mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Pangani kututembelea, ameamka kutawadha asali sala zake za usiku.

"Nani huyo na mataa yake?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu izime hiyo, unanipofua."

Siku ile bastola yangu haikuwa na taa. Ingekuwa nayo, naamini ningemulika kwa hiyo hiyo, na mtutu ungemwelekea mama wa watu. Hadi leo hajui kwamba nilikuwa na bastola, na mpwa wangu hapa anasikia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo hata ukiwa na taa ya bastola, beba na ya mkono. Ya mkono ni ya kutafuta na kutambua. Ya bastola inawaka pale ambapo hatari umeshaijua kwa macho. Ukilazimika kuitumia ndani, elekeza sakafuni au kwenye dari, mwanga utasambaa chumba kizima. Dari nyeupe ya jipsamu inafanya kazi hii vizuri sana. Penye mabati matupu na kenchi nyeusi, mwanga unamezwa, tumia sakafu.

Kitufe cha taa hiyo kipo jirani na triga, kibonyeze kwa kidole gumba cha mkono unaosaidia. Usikizoeze kidole cha triga kazi ya taa. Marekani kuna polisi waliofyatua risasi huku wakidhani wanawasha taa. Kingine ni kuifunga na kuifungua: mikono inafika mbele ya mtutu, kwa hiyo rudia yale ya mwanzo, magazini, slaidi, chemba. Ala, yaani mfuko wa kubebea bastola, uliyokuwa nayo haitaiingiza tena, itabidi utafute inayolingana na bastola pamoja na taa yake. Na ukishapiga shabaha uwanjani, kioo cha taa kinapata masizi. Kifute.

Washa taa, mpwa.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: kukagua nyumba peke yako gizani si kazi yako. Mimi uani nilikosea kutoka. Wakusanye watoto chumba kimoja, funga mlango, piga 112, kaa nyuma ya kitanda mwanga ukiwa mlangoni. Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari, na aliyekwisha kimbia uani si hatari tena. Polisi wakifika, bastola iwe imewekwa chini, mikono ionekane, tochi usiwamulike machoni.

Familia mkubaliane neno moja. Kwetu ni "mkate wa mofa". Anayezunguka usiku akiulizwa analitaja, hata mgeni anafundishwa siku anayofika. Mama mkwe analijua, ingawa anasema ni utoto.

Zoezi la leo halihitaji bastola hata kidogo. Zima taa zote, shika tochi, tembea kutoka kitandani hadi mlango wa nje, ukiwasha na kuzima. Tafuta mahali mwanga unapokurudia usoni. Mimi jana nimekuta kioo cha kabati la nguo kinatazamana na mlango wa chumba cha watoto. Niliwasha, nikaona mtu ana tochi ananimulika, moyo ukaruka. Kesho fundi anakuja kuligeuza.