Mchezo Usio na Mwisho, na Mshindi Wake

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tumechagua pendekezo lililotolewa mwaka 1962 na wanahisabati wawili wa Poland, Jan Mycielski na Hugo Steinhaus. Kaka Juma, tuanze na mchezo wenyewe.

JUMA: Mchezo ni mwepesi, dada Salma. Mimi nataja namba ya kuhesabia, nawe unataja yako, kisha zamu inanirudia, na tunaendelea hivyo bila kikomo. Kabla ya kuanza tumekubaliana juu ya seti fulani ya mifuatano: mfuatano tutakaouunda ukiwa ndani ya seti hiyo nimeshinda mimi, ukiwa nje umeshinda wewe, na sare haipo. Aksiomu yao, yaani kauli inayokubaliwa kama msingi bila kuthibitishwa, inasema kwamba, seti iwe yoyote ile, mmoja wetu ana mbinu ya ushindi, yaani kanuni ambayo akiifuata atashinda hata mwenzake afanye nini.

SALMA: Kwa mchezo wenye idadi maalumu ya zamu jambo hilo halina ugumu, kwani tunaanzia mwisho na kurudi nyuma. Hapa mwisho haupo.

JUMA: Ndiyo maana napenda hoja ya David Gale na F. M. Stewart ya mwaka 1953. Chukua sheria ambayo ushindi wangu, ukitokea, hujulikana baada ya zamu fulani, iwe ya kumi au ya milioni. Tuseme sina mbinu ya ushindi. Basi kila namba nitakayotaja, wewe unalo jibu linaloniacha bado sina mbinu, kwa sababu kama majibu yako yote yangenipa mbinu, ningekuwa nayo tangu awali. Ukijibu hivyo daima, sitaifikia kamwe zamu ya ushindi. Umeshinda kwa kunizuia tu.

SALMA: Na ni hao hao walioonyesha kwamba aksiomu ya uchaguzi, ile inayoturuhusu kuchagua kitu kimoja kutoka kila seti isiyo tupu hata seti zikiwa nyingi bila kikomo, inazaa mchezo ambao hakuna kati yetu mwenye mbinu.

JUMA: Naam. Zipange mbinu zote katika foleni moja, kisha kwa kila mbinu chagua mfuatano unaoishinda, ukiangalia usivuruge ulichokwisha kukipanga. Kuipanga foleni hiyo ndiko kunakohitaji aksiomu ya uchaguzi, na kwa hiyo aksiomu hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja.

SALMA: Kwa nini basi tusiitupe hii changa, ya Mycielski na Steinhaus?

JUMA: Kwa sababu ya mavuno yake. Ikikubaliwa, kila seti ya namba halisi inapimika urefu, na zile seti za ajabu zisizopimika, ambazo aksiomu ya uchaguzi hutuletea, hazipo. Tena sehemu yake kubwa ni kweli bila kuongeza aksiomu yoyote: mwaka 1975 Donald Martin alithibitisha kwamba michezo yote ya seti za Borel, yaani seti zinazojengwa hatua kwa hatua kutokana na seti sahili, ina mshindi mwenye mbinu. Katika miaka ya 1980, kazi ya Martin, John Steel na Hugh Woodin ikaonyesha kwamba, tukikubali kuwapo kwa namba fulani kubwa mno zisizo na kikomo, aksiomu nzima inatimia katika ulimwengu mdogo wa seti unaojengwa kutokana na namba halisi.

SALMA: Kumbe zinakaa nyumba mbili, moja ndani ya nyingine.

JUMA: Hasa. Mycielski mwenyewe hakuidai kwa seti zote zilizopo. Aliikusudia kwa ulimwengu mdogo wa namna hiyo.